Mganda wetu ni ngoma ya asili au ni gwaride la wakoloni?

*"Mwalimu, mimi ni katibu wa kikundi cha mganda katika kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma. Marehemu baba yangu alikuwa kapteni wa mganda, na babu alicheza kabla yake. Tunacheza na kaptula nyeupe, soksi ndefu, kipyenga, ngoma kubwa na vibuyu vya kupuliza. Mwaka huu tunataka kusajili kikundi, na kwenye fomu tumeandika 'ngoma ya asili ya Wanyasa'. Kijana wangu anayesoma chuo kikuu amerudi likizo akatuambia mganda si wa asili hata kidogo. Anasema ni gwaride la wazungu tuliloliiga kwa kuwa tulitawaliwa, na tena Wamalawi ndio wenyewe. Wazee wamekasirika mno. Vijana wengine wanasema basi tuvue kaptula, tuvae ngozi na majani, tuonekane wa asili na watalii wapende. Nani ana haki hapa? Tuandike nini?"*

Ndugu Katibu, naona fomu ni sehemu ndogo tu ya jambo lenu. Kinachowauma wazee ni kuambiwa kwamba kile walichokicheza ujanani, walichofundishwa na baba zao kwa kukemewa na kurudishwa mstarini, kilikuwa ni kuwaigiza mabwana. Hilo ni neno zito, na linastahili jibu la kina.

Kijana wako hakudanganya. Mengi aliyoyasoma ni kweli, na ni vizuri kwamba aliyaleta nyumbani badala ya kukaa nayo chuoni. Amekosea pale alipoitoka historia akaingia kwenye hukumu: amejua kitu kilikotoka, akadhani amejua ni cha nani. Wazee nao wakimjibu kwamba mganda umekuwepo tangu dahari, wanashika hoja itakayowaangukia mbele ya mtu yeyote aliyesoma. Wanayo hoja bora kuliko hiyo, na nitaifikia.

Tuanze na historia. Miaka ya 1890, Lamu, Mombasa na miji jirani ya pwani, vijana walianza ngoma mpya iliyoitwa beni, ambayo ndiyo mzazi wa mganda. Iliazima mwendo na sauti za bendi za matarumbeta ambazo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzizoea masikioni: bendi za majeshi na manowari, hata za ikulu, kwani Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya wapigaji wa Kigoa. Wacheza beni walijipanga mistari, wakashona sare, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na daktari. Mombasa walishindana Kingi na Scotchi. Katika Tanganyika ya Wajerumani vikaenea vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti.

Kisha ikaja vita ya 1914. Kwenu ziwani haikuwa habari ya kusimuliwa na wapita njia: Agosti ya mwaka huo meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann hapo hapo Liuli. Kwa miaka minne askari wa pande zote mbili, pamoja na wapagazi mamia ya maelfu, walizungushwa nchi nzima kutoka Kenya hadi Msumbiji. Watu ambao wasingekutana maisha yao yote wakajikuta kambi moja, na beni ilikuwa ngoma ya makambi. Vita ilipokwisha Novemba 1918, waliosalimika walirudi makwao nayo. Upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, kumbukumbu za wazee zinaunganisha moja kwa moja kuanza kwa mganda na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, waliorudi kutoka vitani. Waambieni wazee kwa upole: ukoo wa mganda unapita kambini, na umri wake ni kama karne moja. Babu yako, kwa hesabu ya vizazi, huenda alikuwa miongoni mwa wa mwanzo mwanzo.

Sasa twende kwenye lile ambalo kijana hakulisema.

Jamii haipokei kitu kigeni kikiwa kizima, na haipokei kila kitu. Hebu fikirini vyote ambavyo askari aliviona jeshini: bunduki, kiboko, noti za muziki zilizoandikwa kwenye karatasi, chumba cha mahabusu, sala ya asubuhi kwa lugha asiyoijua. Katika hayo yote alichagua mwendo wa mstari, sare, vyeo na mdundo. Kwa nini hivyo? Kwa sababu nyumbani tayari palikuwa na mahali pa kuviweka. Pwani palikuwa na mashindano ya ngoma na mashairi kati ya mitaa miaka mingi kabla ya mzungu kuja na bendi yake. Lamu, watu wa Mkomani na watu wa Langoni walikuwa wakishindana kwa tungo, kwa mavazi na kwa karamu. Beni ilipoingia haikuanzisha ushindani, ilikuta ushindani unatafuta pambo jipya. Hata huko bara, hakuna jamii iliyosubiri jeshi la mkoloni lije liwafundishe vijana wa rika moja kujipanga, kumtii kiongozi wa ngoma na kwenda kijiji cha pili kuonyesha umahiri. Kitu kigeni kikikuta nafasi ya namna hiyo hushika haraka. Kisipoikuta, hubaki na walioleta.

Na kikishashika, hubadilika. Tazameni vibuyu vyenu. Mnasema mnavipuliza, lakini mchezaji hapulizi kama anavyopuliza mtu wa tarumbeta. Kibuyu hukatwa mdomo, ubavuni hutobolewa tundu dogo, na tundu huzibwa kwa utando mwembamba unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Mchezaji huimba ndani yake, utando ukatetemeka, sauti ya mtu ikatoka na mkwaruzo kama wa shaba. Askari aliyerudi kijijini hakuwa na pesa ya tarumbeta, wala duka la kuinunua, wala fundi wa kuitengeneza. Lakini ufundi wa kibuyu na utando ulikuwa Afrika zamani sana: marimba za Wachopi wa Msumbiji, timbila, zina vibuyu vyenye utando wa namna hiyo chini ya kila ubao, ili sauti ivume. Kwa hiyo mtu alichukua wazo la bendi akalijibu kwa ufundi wa kwao. Mganda una pembe ambazo hakuna kikosi chochote cha Ulaya kilichowahi kuwa nazo, na zimetokana na akili ya watu wa ziwani. Kijana wako akisema ni nakala, mwulizeni: nakala ya bendi ipi?

Tena hao walioigwa nao waliiga. Bendi ya kijeshi ya Ulaya, hasa ile ngoma kubwa ya kubeba kifuani na matoazi yake, imejengwa kwa kuwaangalia Waturuki. Majeshi ya dola ya Osmania yalikuwa na bendi za vita zinazoitwa mehter, na katika karne ya 18 wafalme wa Ulaya walizionea wivu, wakaingiza ngoma kubwa, matoazi na pembetatu ya chuma katika vikosi vyao. Na mnamo 1828 Sultani Mahmud II akamwajiri Mwitaliano, Giuseppe Donizetti, aje Istanbul kumwundia bendi ya mtindo wa Ulaya. Kitu kilikwenda Ulaya, kikageuka, kikarudi kwa wenyewe kikiwa kigeni! Hakuna anayewaambia Waingereza kwamba bendi ya kikosi cha mfalme wao si ya Kiingereza. Sioni sababu ya kuwabana watu wa Nyasa kwa kipimo ambacho wengine hawapimwi nacho.

Lakini kijana wako ana neno moja ambalo sitaki lipite hivi hivi. Anasema "kwa kuwa tulitawaliwa". Kuiga hakuko kwa namna moja. Kuna kupokea kwa hiari, na kuna kupokea huku umekamatwa shingo. Kodi ya kichwa tuliipokea kwa nguvu. Sehemu nyingi wamisionari walipiga marufuku ngoma na jando, na mtoto aliyecheza alifukuzwa shule. Mabadiliko ya namna hiyo ni haki kuyaita kwa jina lake. Je, beni na mganda vilikuja kwa njia hiyo? Ushahidi unaonyesha kinyume. Hakuna ofisa aliyewaamuru Waafrika wacheze beni. Baada ya vita Waingereza waliotawala Tanganyika waliiogopa, kwa sababu waliona vyama vyenye viongozi, michango na matawi kutoka mji hadi mji, bila wao kuwa na mkono ndani yake. Vyama hivyo vilizika wafu, vilitunza wagonjwa na vilimpokea mgeni aliyefika mjini hana ndugu. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, baada ya mgomo wa wachimba shaba wa 1935, tume ya serikali ilihoji watu kuhusu chama cha ngoma hiyo, kule kikiitwa Mbeni, ikitaka kujua kama ndicho kilichochochea. Mtawala hachunguzi hivyo kitu alichokipandikiza mwenyewe.

Wataalamu hawakubaliani wachezaji walikuwa na nia gani: kumsifu mwenye nguvu, kumkejeli, au kujivika heshima yake. Mimi naona swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu linamfanya mzungu kuwa mtazamaji mkuu wa ngoma. Mcheza mganda alikuwa akimtazama kapteni wa kijiji cha pili, na wasichana waliokuja kuangalia, na mzee ambaye angesema kesho yake nani alivuruga mstari. Sare nyeupe isiyo na doa, katika kijiji ambako maji yanatekwa ziwani na pasi ni ya mkaa, ilikuwa tangazo kwa watu wa nyumbani.

Ngoma hiyo hiyo ikienda kwingine inabeba maana nyingine. Mwaka 1956 mtafiti J. Clyde Mitchell aliandika kuhusu kalela, mtoto mwingine wa beni, iliyochezwa na wafanyakazi wa Kibisa katika mji wa migodi wa Luanshya, huko huko Rhodesia ya Kaskazini. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wanaume walivaa suruali za kunyooka na viatu vinavyong'aa, walikuwa na "mfalme" na "daktari", na mwanamke mmoja aliyevaa kama muuguzi, nguo nyeupe, akizunguka mstarini na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta. Mavazi yote ya kizungu. Lakini nyimbo? Ziliwasifu Wabisa na nchi yao, zikawatania makabila mengine ya mgodini. Ndiyo maana wanaosoma mambo haya hutenganisha umbo la kitu, kazi yake na maana yake. Umbo husafiri kwa urahisi, jicho tu linatosha kulichukua. Kazi na maana hubaki nyuma, na wenyeji hutia za kwao.

Jambo la namna vitu vinavyosambaa linagusa pia suala la Wamalawi. Uchunguzi mmoja unaojulikana sana ni wa Bryce Ryan na Neal Gross, uliochapishwa 1943, kuhusu wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu mpya ya mahindi chotara. Wengi walisikia habari za mbegu kutoka kwa wachuuzi. Kilichowafanya waipande ni kumwona jirani aliyeipanda, na mwishowe wote isipokuwa wawili waliichukua. Kusikia ni jambo moja, kuamua ni jingine, na watu huamua kwa kumtazama mtu wanayemjua na kumwamini. Mganda nao ulizunguka ziwa kwa njia za namna hiyo: kwa ndugu, mashemeji, wavuvi, vijana waliokwenda migodini, na wanafunzi wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliovuka kwa stima kama Chauncy Maples, iliyoanza kazi 1901, baina ya kisiwa cha Likoma na pwani zote mbili. Ukitazama hivyo, kuuliza kama mganda ni wa Malawi au wa Tanzania ni kuweka mpaka ambao wachezaji wenyewe hawakuwa nao. Mashina ya mwanzo yanayokumbukwa yako upande wa Malawi, na sioni aibu kuliandika hilo. Lakini kizazi baada ya kizazi makapteni wenu wametunga nyimbo zenu, kwa lugha yenu, kuhusu watu wenu. Kazi hiyo hakuna aliyewaletea.

Sasa hao vijana wa ngozi na majani. Hapa sitaficha hisia zangu: nawasihi msifanye hivyo. Mkifanya, ndipo mtakapokuwa mmeiga kweli, maana mtakuwa mmechukua picha ya Mwafrika iliyomo kichwani mwa mtalii mkaivaa nyinyi. Mababu zenu katika mganda walivaa nyeupe wakafunga soksi. Kuwavua leo ili waonekane wa kale zaidi ni kuwasingizia. Kama watalii watauliza mbona mmevaa kaptula, hiyo ni nafasi ya kuwasimulia habari za Liuli, za wapagazi na za kibuyu cha buibui, na nawahakikishia ni simulizi inayomshika mtu kuliko majani ya mgomba. Tena kina mama wa kioda, ngoma ya wanawake wa huko kwenu, msiwaache nje ya simulizi hiyo, wana historia yao kando ya yenu.

Wapo watakaowakumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni akasikitika kwamba tulifundishwa kucheza dansi za kigeni huku wengi wetu hatujui Gombe Sugu wala Lelemama. Ni kweli aliyasema hayo. Katika hotuba hiyo hiyo alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka tamaduni za wengine ni taifa la wapumbavu, mradi kujifunza kusiwe kuacha chako. Wazee wenu, pengine bila kuisikia, walifanya hayo yote mawili.

Kuhusu fomu, mna njia tatu. Mnaweza kubakiza "ngoma ya asili" na kunyamaza. Kiofisi huenda ikapita bila swali, kwa sababu maofisa wengi hutumia jina hilo kwa ngoma yoyote isiyo muziki wa dansi. Hatari yake ni kwamba siku mtu akiwauliza hadharani hamtakuwa mmejiandaa, na kijana wenu mwenyewe hatakuwa upande wenu. Mnaweza kulifuta neno hilo kabisa mkaandika "burudani", jambo ambalo naliona ni kujidhulumu. Au mnaweza kuliacha jina la ofisi lilivyo, na pale panapotakiwa maelezo mkaandika ukweli wote. Mimi ningeandika hivi: "Mganda ni ngoma ya jadi ya jamii za pwani ya Ziwa Nyasa. Ilikua kutokana na ngoma za beni zilizoenea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na imeendelezwa kijijini kwetu na makapteni wafuatao", kisha majina yao kwa mfuatano. Maneno hayo hakuna msomi atakayeyapangua. Hata mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika haudai usafi wa chanzo. Unautambua urithi kuwa ni kitu kinachorithishwa na kuundwa upya kila mara na wenyewe. Na haukatazi nchi kushirikiana: Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa, imeorodheshwa kwa pamoja na Malawi, Msumbiji na Zambia.

Kabla ya kuandika, kusanyeni ushahidi, na hapa ningemtumia huyo huyo kijana aliyezua mjadala. Simu yake inatosha kurekodi. Asiwaulize wazee "mganda ulianza mwaka gani", kwa sababu watamtajia mwaka wowote ili kumridhisha. Aulize nani alikuwa kapteni wakati mzee mwenyewe anaanza kucheza, na nani kabla ya huyo, na wimbo gani uliimbwa mwaka wa uhuru, au mwaka kanisa lilipoezekwa. Awaulize mmoja mmoja kwanza, wakiwa peke yao, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye anayebaki kukumbukwa. Arekodi nyimbo zote hata zile zinazotania vijiji jirani. Hizo ndizo zenye tarehe ndani yake, maana mtu hutaniwa kwa jambo lililotokea.

Mambo mengine hayatamalizika kwa kuandikiana. Nendeni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya na rasimu yenu mkononi kabla ya kuituma BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, awaeleze fomu za mwaka huu zinataka nini. Makumbusho ya Maji Maji pale Songea hayako mbali, na watu wake wamezoea kupokea kumbukumbu za wazee na wanaweza kuwashauri namna ya kuhifadhi rekodi. Kama kuna kampuni au mtu yeyote anayetaka kuwapiga video na amewaletea karatasi ya kusaini, simamisheni kila kitu mpaka mwanasheria na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waione, kwa kuwa haki za nyimbo zikishatolewa kwa saini ni taabu kuzirudisha. Na kama kikundi cha kijiji kingine, kiwe cha upande huu au wa Malawi, kitalalamika kwamba mmejimilikisha mganda, msijibizane kwa barua. Tumeni wazee wawili watatu wavuke wakaonane nao, na mkiweza muwaalike waje kushindana nanyi uwanjani, kisha majina ya makapteni wao wa zamani yaandikwe pembeni ya yenu.